Utafiti wa Wanafunzi wa Vyuo vya Kati Mara Usiishie Kabatini

Na Mwandishi Wetu, Musoma

Kila mwaka wanafunzi wa stashahada katika vyuo vya kati vya Mkoa wa Mara hufungasha mabegi yao na kuelekea katika kata, vijiji, zahanati na shule kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo. Huko huzungumza na akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wavuvi wa dagaa, wakulima wa pamba na mihogo, walimu na wagonjwa. Baada ya wiki kadhaa hurejea chuoni na ripoti iliyochapwa na kujaladiwa vizuri. Ripoti husahihishwa, alama huingizwa kwenye mfumo, kisha kitabu hicho huwekwa kabatini.

Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine huenda katika kijiji kilekile na kumuuliza mama yuleyule maswali yaleyale. Mama hujibu kwa ukarimu, ingawa hajawahi kuambiwa majibu yake ya mwaka jana yalifikia wapi.

Makala haya yanaeleza namna kazi hiyo, ambayo tayari inafanyika na tayari inagharamiwa na wazazi, wanafunzi na Serikali, inavyoweza kugeuzwa kuwa programu ya utafiti yenye manufaa kwa mkoa. Hoja ya msingi ni moja: vyuo vya kati havihitaji kusubiri maabara za gharama kubwa ili kuanza utafiti. Vinachohitaji ni swali linalotoka kwa wananchi, kumbukumbu inayoendelezwa mwaka hadi mwaka, na mrejesho unaomfikia aliyeulizwa.

Vyuo vilivyopo na kazi iliyopo

Mkoa wa Mara, ambao kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 una watu 2,372,015, una vyuo vya aina mbalimbali. Katika Manispaa ya Musoma kipo Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, kinachoandaa maofisa maendeleo ya jamii, pamoja na vyuo vya afya na chuo cha ufundi stadi cha VETA. Bunda kuna Chuo cha Ualimu Bunda na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kisangwa, kimojawapo cha vyuo vya wananchi ambavyo Tanzania ilianza kuvianzisha mwaka 1975 kwa ajili ya elimu ya watu wazima vijijini. Butiama ndiko kiliko Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho ni miongoni mwa taasisi zinazonufaika na Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, maarufu kama HEET, unaotekelezwa kwa mkopo wa Dola za Marekani milioni 425 kutoka Benki ya Dunia.

Vyuo vya kati vya fani mbalimbali husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), ambapo stashahada ni ngazi ya sita ya tuzo. Katika programu nyingi za ngazi hiyo mwanafunzi hutakiwa kuandaa andiko dogo la utafiti au la mradi kabla ya kuhitimu. Kwa upande wa ualimu, mkufunzi hufundisha utafiti-tendo, yaani mwalimu kuchunguza tatizo la darasa lake mwenyewe, kujaribu njia ya kulitatua na kupima kama njia hiyo imefaa.

Hivyo swali si kama wanafunzi wa vyuo vya kati wafanye utafiti. Mitaala mingi imekwisha kujibu. Swali ni kama utafiti huo ufanyike kweli au uendelee kuwa sharti la kutimizwa ili mtu apate cheti.

Tofauti hiyo si ndogo. Pale ambapo andiko halisomwi na mtu yeyote zaidi ya msahihishaji, kishawishi cha kunakili huwa kikubwa. Mwanafunzi hutafuta ripoti ya mtangulizi wake, hubadilisha jina la kijiji na tarehe, kisha huipeleka kwenye duka la steshenari kuchapwa upya. Anayepoteza kwanza ni yeye mwenyewe, kwa kuwa atakwenda kazini bila kuwahi kuuliza swali ambalo jibu lake hakulijua. Anayepoteza baadaye ni halmashauri itakayomwajiri, na mwananchi atakayehudumiwa naye.

Funzo kutoka kwa mwana wa Butiama

Wapo wanaoamini kwamba utafiti ni kazi ya wenye shahada za uzamivu. Historia ya Mara yenyewe inaonesha vinginevyo. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza masomo katika Shule ya Mwisenge, Musoma, alijiunga na Makerere mwaka 1943 kusomea stashahada ya ualimu. Wakati huo Makerere ilikuwa bado haijaanza kutoa shahada, hivyo kwa lugha ya leo tungeiita chuo cha kati.

Akiwa mwanafunzi huko, Nyerere aliandika insha kuhusu uhuru wa wanawake. Alichukua hoja za mwanafalsafa wa Uingereza, John Stuart Mill, akazipima kwa hali ya wanawake katika jamii za Kiafrika alizozifahamu. Hakuwa na maabara wala ruzuku. Alikuwa na kitabu, swali, na maisha ya watu wa kwao aliyokuwa ameyaona kwa macho yake.

Miaka mingi baadaye, mwaka 1967, akiwa Rais, alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea lililosisitiza kwamba shule na chuo visitengwe na maisha ya jamii inayovizunguka. Mwanafunzi wa Buhare anayechunguza kwa nini kikundi kimoja cha wanawake kinarejesha mkopo na kingine kinashindwa anatembea katika njia hiyohiyo.

Mto Mara na thamani ya kumbukumbu

Umuhimu wa kumbukumbu zinazotunzwa karibu na wananchi ulionekana mwezi Machi mwaka 2022. Maji ya Mto Mara katika eneo la Kirumi yalibadilika rangi na samaki wakafa. Serikali iliwazuia wananchi kwa muda kutumia maji na samaki wa eneo hilo na kuunda kamati ya wataalamu, iliyoongozwa na Profesa Samwel Manyele, kuchunguza chanzo. Kamati ilieleza kuwa uchafuzi ulihusishwa na kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na kuoza kwa mimea, hali iliyopunguza hewa ya oksijeni ndani ya maji. Matokeo hayo yalizua mjadala mpana bungeni na miongoni mwa wananchi.

Katika tukio lolote la namna hiyo, swali la kwanza la mtaalamu ni hili: kabla ya siku ile mto huu ulikuwaje? Rangi ya maji mwezi Machi wa mwaka uliotangulia ilikuwa ipi? Joto lake lilikuwa kiasi gani baada ya mvua za kwanza? Kamati inaweza kuchukua sampuli leo, lakini haiwezi kurudi nyuma kupima maji ya jana. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa kwa wakati wake kimepotea moja kwa moja.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria inalo jukumu la kufuatilia rasilimali hiyo. Hata hivyo, Mto Mara una urefu wa takribani kilometa 395, kutoka misitu ya Mau nchini Kenya, kupitia Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hadi Ziwa Victoria. Hakuna taasisi moja inayoweza kuwa na mtu kila ukingo kila wiki. Vyuo vya Musoma na Butiama viko karibu na sehemu ya mwisho ya mto huo mwaka mzima.

Vifaa vya kuanzia si vya kutisha. Kifaa kinachoitwa sahani ya Secchi, kilichobuniwa na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, mwaka 1865, ni kisahani chenye upana wa sentimita 20, kilichopakwa rangi nyeusi na nyeupe kwa robo zinazopishana, kikafungwa kwenye kamba yenye alama za vipimo. Mpimaji hukishusha majini hadi kisionekane, kisha huandika kina hicho. Karakana yoyote ya ufundi inaweza kukitengeneza. Ukiongeza kipimajoto, kipima mvua na daftari, kituo cha kumbukumbu kimekwisha kuanza.

Ni lazima kusema wazi kikomo chake. Sahani ya Secchi haiwezi kutambua sumu wala kueleza nani amechafua maji. Inachoweza ni kuonesha mapema kwamba wiki hii maji si ya kawaida, ili wataalamu wenye maabara waitwe kabla samaki hawajaelea, na wakifika wakute daftari la miaka mitano la kulinganishia.

Wenzetu walivyofanya

Nchini Marekani vyuo vya jamii, ambavyo kihistoria huanza kuhesabiwa na chuo cha Joliet cha jimbo la Illinois kilichoanzishwa mwaka 1901, hutoa masomo ya miaka miwili na hupokea wanafunzi wengi wanaofanya kazi, wenye familia au wanaotoka nyumbani kila siku kuja darasani. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa utafiti wa wanafunzi ni wa vyuo vikuu tu. Baadaye chuo cha jamii cha Finger Lakes, katika jimbo la New York, kiliongoza mpango wa kueneza utafiti katika vyuo vya aina hiyo kwa msaada wa Mfuko wa Taifa wa Sayansi wa nchi hiyo.

Funzo kubwa la mpango huo ni mahali ulipoweka utafiti. Badala ya kuchagua wanafunzi wachache bora na kuwapeleka maabara wakati wa likizo, utafiti uliingizwa ndani ya somo la kawaida la muhula. Sababu ni rahisi: mwanafunzi anayelea mtoto au anayefanya kibarua hawezi kupata likizo ya kujitolea maabara, lakini darasani atakuwapo. Kwa wanafunzi wetu, ambao wengi hutumia likizo kusaidia familia mashambani, ziwani au dukani, mpangilio huo unaeleweka bila tafsiri.

Nguzo tano za programu

Kutokana na uzoefu huo na mazingira ya Mara, programu ya utafiti katika chuo cha kati inaweza kusimama juu ya nguzo tano.

Nguzo ya kwanza ni swali linalotoka kwa wananchi. Chuo kinaweza kuomba maswali kutoka Kamati za Maendeleo za Kata, mikutano ya vijiji na ofisi za halmashauri. Bunda, kwa mfano, vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na mapori ya akiba vinafahamu hasara ya tembo kuingia mashambani. Mwanachuo wa ualimu anaweza kuuliza: je, watoto wanaokesha shambani na wazazi wao kufukuza tembo wanakosa vipindi vingapi kwa mwezi? Daftari la mahudhurio la shule tayari lina sehemu ya jibu. Katika wilaya ya Butiama, ambako Buhemba kuna uchimbaji mdogo wa dhahabu, swali linaweza kuwa namna wachimbaji wanavyotunza zebaki na umbali wake kutoka visima. Musoma, mwanachuo wa afya anaweza kuhesabu saa ambazo watoto hukaa majini katika mwalo mmoja, jambo linalohusiana moja kwa moja na kichocho.

Nguzo ya pili ni maswali ya kudumu. Kila darasa lipewe maswali kumi yasiyobadilika mwaka hadi mwaka, kisha kila mwanafunzi aongeze swali lake mwenyewe. Hapa ndipo utafiti mdogo hupata uzito. Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akitembelea kaya 5, linapata kaya 200 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni mazungumzo 1,000 yanayoweza kulinganishwa. Mwanafunzi mmoja mwenye kaya tano hawezi kuthibitisha jambo kubwa, lakini madarasa matano yaliyouliza maswali yaleyale yanaweza kumwonesha Mkurugenzi wa Halmashauri jambo ambalo ripoti ya robo mwaka haioneshi. Chukua mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kufuatilia vikundi vilevile kwa miaka kadhaa kungesaidia kuelewa ni lini kikundi huanza kuyumba, na kwa nini.

Nguzo ya tatu ni usimamizi. Wakufunzi wa vyuo vya kati waliajiriwa kufundisha, na wengi wana vipindi vingi. Hawawezi kuongezewa mzigo bila kupewa muda. Njia ni kuingiza saa za usimamizi katika ratiba na kuungana na taasisi za utafiti za Kanda ya Ziwa: Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi (TAFIRI), yenye kituo Sota wilayani Rorya, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (TARI) Ukiriguru, yenye uzoefu wa pamba na mihogo, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), yenye kituo Mwanza, na chuo kikuu cha Butiama, ambacho kina nafasi ya kuwa mlezi wa vyuo vya jirani. Mtafiti mmoja akifika chuoni siku mbili kwa muhula kuwafundisha wakufunzi namna ya kuandaa dodoso na kutunza takwimu, faida yake hufikia madarasa mengi.

Nguzo ya nne ni maadili. Mwanafunzi anapaswa kuwa na barua ya utambulisho ya chuo na kupita kwa uongozi wa wilaya, kata na kijiji. Utafiti unaogusa afya ya watu una taratibu zake za idhini ya kimaadili, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, ndiyo mratibu wa utafiti nchini. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mtu. Jina la mama aliyeeleza kwamba ameshindwa kulipa mkopo halina nafasi katika ripoti itakayosomwa na jirani yake. Anayeulizwa anapaswa kuelezwa kwa lugha anayoielewa kwamba ana hiari ya kukataa, na kwamba kukataa hakutamnyima huduma.

Nguzo ya tano ni mrejesho. Mwishoni mwa muhula chuo kirudi kijijini na kurasa mbili za Kiswahili, zenye majibu ya maswali matatu: tuliuliza nini, tumeona nini, na nini bado hatukijui. Kurasa hizo zisomwe katika mkutano wa kijiji na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Kwa utafiti wa mto, ipo Siku ya Mara, inayoadhimishwa na Tanzania na Kenya kila Septemba 15, ambayo inaweza kuwa jukwaa la wanafunzi kuonesha daftari zao mbele ya wataalamu wa nchi zote mbili. Kwa wabunifu, yapo Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019.

Vikwazo visivyofichika

Programu ya namna hii haitajiendesha yenyewe. Nauli ya kufika vijiji vya mbali ni mzigo kwa mwanafunzi, hivyo ni busara kuanza na maeneo yanayofikika kwa miguu au kwa baiskeli kutoka chuoni. Kompyuta hazitoshi kila mahali, lakini daftari lenye safu zilizonyooka, likapigwa picha kila mwezi na kutunzwa sehemu mbili tofauti, ni bora kuliko kompyuta isiyo na utaratibu. Wakuu wa vyuo huhamishwa, na programu inayomtegemea mtu mmoja huondoka naye, kwa hiyo wajibu wa kutunza kumbukumbu unapaswa kukabidhiwa kwa maandishi kama mali nyingine ya chuo.

Kikwazo kigumu zaidi ni kukubali matokeo yasiyopendeza. Utafiti wa kweli unaweza kuonesha kwamba mradi uliozinduliwa kwa shangwe haujamfikia mlengwa, au kwamba kisima kipya hakitumiki. Mwanafunzi akijua kwamba atapewa alama kwa kusema mambo ni mazuri tu, atasema hivyo. Kwa sababu hiyo, alama zitolewe kwa uaminifu wa kazi: daftari la uwandani lenye tarehe, majibu ghafi, na maelezo ya mambo yaliyoshindikana. Msahihishaji anayedai daftari hilo kabla ya kupokea ripoti iliyochapwa atakuwa pia amepunguza sana biashara ya kunakili.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi wa Musoma, Bunda au Butiama anayetembelewa na mwanachuo mwenye dodoso anayo haki ya kuuliza mambo manne: unatoka chuo gani na barua yako iko wapi, majibu yangu yatatumika kwa kazi gani, jina langu litaonekana, na ni lini mtarudi kutueleza mlichokiona. Kuuliza si ukorofi. Ni sehemu ya utafiti wenyewe, na humjenga mwanafunzi kuliko majibu ya haraka.

Vilevile wenyeviti wa vijiji na mitaa wanaweza kuweka daftari moja ofisini, ambamo kila mwanafunzi anayefika ataandika swali lake, chuo chake na tarehe aliyoahidi kurejea na matokeo. Daftari hilo halihitaji bajeti. Mwaka unaofuata, mwanafunzi mwingine atakapobisha hodi kwa mama yuleyule, mwenyekiti atalifungua na kumwonesha mwenzake aliishia wapi, ili yeye aanzie hapo.